Hazina, Diwani na Daftari: Amana ya Mali ya Umma kutoka Madina hadi Nyanda za Juu Kusini

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, mtu akiingia katika ofisi ya Halmashauri iliyo karibu naye, iwe Iringa, Mufindi, Rungwe au Jiji la Mbeya, atakuta mlango ulioandikwa Mweka Hazina. Mbele kidogo atakuta ukumbi wa Madiwani. Akilipa ushuru wa mazao atapewa stakabadhi, na mwisho wa mwaka atasikia kuwa hesabu zimekaguliwa. Wengi wetu tunayachukulia mambo haya kuwa ni ya serikali tu, yasiyohusiana na elimu ya dini. Lakini aliyesoma lugha ya Kiarabu akisimama mbele ya milango hiyo hujikuta amesimama mbele ya kamusi aliyoizoea.

Hazina ni khazina, mahali pa kuhifadhia. Ushuru ni 'ushur, wingi wa 'ushr, yaani fungu la kumi. Hesabu ni hisab. Daftari ni daftar. Stakabadhi inatokana na mzizi wa qabadha, kupokea kitu mkononi. Fedha ni fidhdha, madini ya fedha ambayo dirhamu zilifuliwa kwayo. Diwani ni diwan, nalo ni neno ambalo Waislamu wa mwanzo walilipokea kutoka kwa Waajemi kwa maana ya rejista ya dola. Na mkuu anayebeba dhamana ya matumizi yote ya taasisi huitwa Afisa Masuuli, ambalo wengine huliandika Masuhuli. Mas'ul kwa Kiarabu ni mtu atakayeulizwa. Ni neno lilelile lililomo katika hadithi ya Mtume (s.a.w.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, yenye maana kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Makala hii inakusudia kuonesha mambo mawili. La kwanza, namna idara ya fedha ya serikali inavyopangwa na inavyofanya kazi, tangu zama za Madina hadi zama zetu hapa Nyanda za Juu Kusini. La pili, ambalo ndilo shabaha, ni kuwa mali ya umma haikupata kulindwa kwa uchamungu wa mtu mmoja peke yake. Imelindwa pale mikono ilipotenganishwa: mkono unaokusanya, mkono unaotunza, mkono unaoidhinisha, na mkono unaokagua.

Msingi uliowekwa na Mtume (s.a.w.)

Imepokewa na Abu Humayd as-Sa'idi (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kuwa Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu wa kabila la Azd, aliyejulikana kwa jina la Ibn al-Lutbiyya, kukusanya sadaka za Banu Sulaym. Aliporudi aligawa mafungu mawili: hili ni lenu, na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume (s.a.w.) akakasirika, akapanda mimbari, na akahoji kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama angeletewa zawadi hizo.

Hadithi hii tunaisoma mara nyingi katika mlango wa rushwa, na ni sahihi kuisoma hivyo. Lakini tuangalie neno moja lililomo katika mojawapo ya mapokezi ya Bukhari. Mpokezi anasema kuwa mtu yule aliporudi, Mtume (s.a.w.) hasabahu, yaani alimfanyia hesabu. Imam Bukhari akaliwekea jambo hilo mlango wake katika Kitabu cha Zaka: mlango wa kiongozi kuwahesabu wakusanyaji wa sadaka. Kwa hiyo kosa halikugunduliwa kwa bahati, wala kwa fununu za mtaani. Liligunduliwa kwa sababu mkusanyaji alipofika alikuta kuna mtu wa kumhesabu. Aliyetumwa hakuwa mnafiki aliyejulikana. Alikuwa mtu aliyeaminiwa kiasi cha kutumwa, na bado alihesabiwa.

Qur'ani nayo, katika Suratut Tawba aya ya 60, imetaja makundi manane yanayostahiki zaka, na la tatu kati yake ni wale wanaoitumikia. Maana yake ni kuwa tangu mwanzo kazi hii ilikuwa na watumishi wanaojulikana na wenye ujira unaojulikana, ili asiwepo wa kusema kuwa anajilipa mwenyewe kwa siri kwa sababu hakuna anayemlipa kwa dhahiri.

Diwani ya Sayyidna Umar (r.a.)

Zama za Mtume (s.a.w.) na za Sayyidna Abubakar (r.a.), mali iliyofika Madina iligawiwa upesi na haikulazwa muda mrefu. Mambo yalibadilika katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (r.a.). Wanahistoria wameeleza kuwa Abu Hurayra (r.a.) alikuja kutoka Bahrain na dirhamu laki tano. Umar alistaajabu, akamuuliza kama anajua anachokisema, naye akahesabu laki moja moja mpaka tano. Mali ya kiasi hicho haikuwezekana kugawiwa kwa kukumbuka nyuso za watu. Akashauriwa aweke diwani kama zilivyofanya dola zilizotangulia, naye akakubali. Hilo lilikuwa mwaka wa 15 Hijria kwa kauli moja, au mwaka wa 20 kwa kauli nyingine. Kazi ya kuandika majina aliwapa watu watatu waliojua nasaba za Waarabu: Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Nawfal na Jubayr bin Mut'im (r.a.).

Lakini jambo linalotuhusu zaidi ni alilolifanya Umar huko Kufa. Qadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, ameeleza katika Kitabul Kharaj kuwa Umar aliwapeleka huko watu watatu kwa pamoja. Ammar bin Yasir alikuwa juu ya sala na jeshi. Abdullah bin Mas'ud alikuwa juu ya hukumu na Baytul Mal. Uthman bin Hunayf alikuwa juu ya upimaji wa ardhi, ambao ndio msingi wa kukadiria kodi ya ardhi, yaani kharaji. Akawapangia posho ya kondoo mmoja kwa siku: nusu kwa Ammar, robo kwa Ibn Mas'ud na robo kwa Ibn Hunayf. Kisha akajifananisha yeye na wao na msimamizi wa mali ya yatima.

Tutafakari, ndugu zangu. Hawa ni masahaba wakubwa. Ibn Mas'ud ni katika wasomaji bora wa Qur'ani, na Ammar wazazi wake waliteswa mwanzo wa Uislamu. Kama kuna watu ambao ungeweza kumkabidhi mmoja wao kila kitu ukalala usingizi, basi ni hawa. Umar hakufanya hivyo. Anayekadiria kodi hakuwa ndiye anayeweka funguo, na mwenye jeshi hakuwa ndiye mwenye funguo. Na juu yao wote Umar alikuwa na Muhammad bin Maslama, ambaye kazi yake ilikuwa kutumwa mikoani kuwachunguza magavana, wakiwemo maswahaba wenzake.

Wanachuoni waliofuata waliijenga nyumba juu ya msingi huu. Katika ukhalifa wa al-Mahdi wa Bani Abbas (158–169 Hijria) ziliundwa diwani za zimam, yaani ofisi za kudhibiti diwani nyingine. Imam al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058 Miladia), aliigawa diwani ya dola sehemu nne: ya jeshi na malipo yake, ya mikoa na haki zinazotozwa humo, ya kuajiri na kuachisha watumishi, na ya Baytul Mal kwa kinachoingia na kinachotoka. Na yeye ndiye aliyebainisha kuwa Baytul Mal ni jiha wala si makan. Maana yake ni kuwa Baytul Mal si chumba wala sanduku. Ni haki iliyowekwa kwa Waislamu. Mali ikishakuwa yao inahesabiwa ndani ya Baytul Mal hata kama bado iko mkononi mwa mkusanyaji njiani.

Abu Yusuf naye alimwonya Khalifa Harun ar-Rashid juu ya qabala, yaani kukodisha ukusanyaji wa kodi. Mtu anatoa kiasi fulani kwa serikali kisha anapewa watu awakamue atakavyo ili arudishe alichotoa na apate faida. Abu Yusuf aliona kuwa huko ni kuwadhulumu raia na kuiharibu nchi. Onyo hilo lilifaa pia pwani yetu zaidi ya miaka elfu baadaye, kwani katika zama za Sayyid Said forodha ya Unguja ilikodishwa kwa mfanyabiashara Jairam Sewji. Na miaka ya 2000 halmashauri nyingi nchini mwetu ziliwakodisha mawakala kukusanya ushuru wa masoko na stendi. Kila aliyefanya biashara katika masoko hayo anajua tofauti ya wakala mwenye haraka ya kurudisha fedha zake na mtumishi mwenye mshahara.

Nyanda za Juu: kutoka hongo hadi hazina

Sasa tuje nyumbani. Kabla ya ukoloni, watemi wa bara walitoza misafara ya biashara malipo ya kupita katika nchi zao. Malipo hayo yaliitwa hongo. Wakati huo halikuwa neno la aibu. Ilikuwa ni kodi ya njia, na mwenye nchi aliona ni haki yake. Leo neno hilo halina maana nyingine ila rushwa. Sababu za maneno kubadilika ni nyingi, lakini moja inatosha kutufundisha: malipo yasiyo na kiwango kinachojulikana, yasiyoandikwa, yanayoishia mkononi mwa mpokeaji, hata yakianza yakiwa kodi, mwisho wake ni hongo. Kinachotenganisha ushuru na hongo ni daftari na stakabadhi.

Wajerumani walipigwa na Wahehe wa Mtwa Mkwawa huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Waliiteka ngome ya Kalenga mwaka 1894, na Mkwawa akafariki Julai 1898. Wakati huohuo serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka kodi ya nyumba ya rupia tatu, kwa amri iliyotolewa mwaka 1897 na kuanza kazi mwaka 1898, nayo ikaenea kadiri utawala ulivyotia mizizi. Iringa ilibaki wilaya ya kijeshi mpaka Vita Kuu ya Kwanza. Maana yake kwa mwananchi ilikuwa hii: mkuu wa kambi alikuwa ndiye mtawala, ndiye hakimu, na ndiye mwenye kodi. Aliyeona amedhulumiwa katika kodi alimshitaki mtoza kodi kwa mtoza kodi mwenyewe. Yote aliyoyatenganisha Sayyidna Umar huko Kufa yalikusanywa hapa katika mkono mmoja, na mkono huo ulikuwa na bunduki.

Waingereza walipochukua nchi, Gavana Donald Cameron alileta Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926. Watemi wakarudishiwa madaraka chini ya uangalizi wa Mkuu wa Wilaya, na zikaanzishwa hazina za wenyeji. Kabla ya hapo mali ya mtemi na mali ya utemi zilikuwa kapu moja. Sasa mtemi akawa na mshahara, sehemu ya kodi ikaingia katika hazina ya eneo, karani akaandika kitabu, na makadirio ya mwaka yakapelekwa kuidhinishwa. Mfumo huo haukuwa wa haki kamili, kwani aliyeidhinisha alikuwa mgeni na mlipa kodi hakuulizwa. Lakini ndipo watu wa Uhehe, Usafwa na Unyakyusa walipoanza kuona kuwa mali ya utawala inaweza kuwa na daftari lake, mbali na mfuko wa mtawala. Mji wa Mbeya wenyewe ulikuwa ndio kwanza unachipuka, mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa msukumo wa dhahabu ya Lupa.

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda kwa vipindi. Utawala wa machifu uliondolewa mwaka 1963 na halmashauri zikachukua nafasi yao. Mwaka 1972, katika mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa, na za miji zikafuata mwaka 1973. Fedha zikawa zinateremka kutoka serikali kuu. Jina lilikuwa madaraka mikoani, lakini mfuko ulikuwa Dar es Salaam. Halmashauri za miji zilirudi mwaka 1978. Za wilaya zilirudi mwaka 1984 kwa sheria zilizopitishwa mwaka 1982, na miongoni mwake ni Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, namba 9 ya mwaka huo. Kodi ya maendeleo, ambayo wazee wetu waliiita kodi ya kichwa na ambayo iliwafanya wanaume wengi wajifiche porini wakisikia mgambo anakuja, ilifutwa mwaka 2003.

Safari ya shilingi katika hazina ya leo

Tuifuate shilingi moja ya ushuru ili tuelewe mpango wenyewe. Mnunuzi amefika Kyela kununua mpunga. Sheria inamtoza yeye ushuru wa mazao. Kiwango kilikuwa hadi asilimia 5, na mwaka 2017 kikashushwa kikawa hakizidi 3. Mkusanyaji anatoa stakabadhi kwa mashine ya kukusanyia mapato. Malipo makubwa hulipwa benki au kwa simu kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, utaratibu ulioenea serikalini tangu mwaka 2017. Hapo mkono wa kwanza umemaliza kazi yake. Aliyekusanya hana ruhusa ya kutumia hata kwa nauli yake, ni lazima apeleke benki chote alichokusanya.

Mkono wa pili ni wa Mweka Hazina. Yeye na wahasibu wake wanaandika kilichoingia, wanalinganisha vitabu na taarifa za benki, wanalipa mishahara na madai, na wanaandaa hesabu za mwisho wa mwaka, ambao huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Anatunza, lakini hajiamulii. Mkono wa tatu ndio unaoamua. Makadirio yanapita katika kamati ya fedha, kisha katika Baraza la Madiwani, na Mkurugenzi ndiye Afisa Masuuli anayeidhinisha malipo ndani ya makadirio hayo. Mkono wa nne ni wa ukaguzi. Yuko mkaguzi wa ndani wa Halmashauri, na juu yake yuko Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye hatoki katika Halmashauri wala hapati mshahara wake humo. Yeye ndiye anayetoa hati safi au hati yenye shaka, na ripoti yake husomwa Bungeni na kufuatiliwa na Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa.

Serikali kuu nayo imepangwa hivyohivyo kwa ukubwa zaidi. Mamlaka ya Mapato, iliyoanza kazi Julai 1996, inakusanya. Tunaiona Tunduma na Kasumulu mipakani. Fedha zinaingia katika Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali, uliotajwa katika ibara ya 135 ya Katiba, na kuwekwa Benki Kuu. Mfuko huo si jengo. Ni jiha, kama alivyosema al-Mawardi. Bunge linaidhinisha bajeti, na ibara ya 138 inazuia kutozwa kodi yoyote isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Katibu Mkuu wa Wizara ya Fedha ni Mlipaji Mkuu wa Serikali, na Mhasibu Mkuu wa Serikali anasimamia malipo na vitabu. Kisha Mkaguzi Mkuu, ambaye ulinzi wake umo katika ibara ya 143 na ya 144, anakagua na kumkabidhi Rais ripoti, nayo hupelekwa Bungeni.

Atauliza mwenye kuuliza: mbona pamoja na mpango wote huu wizi upo? Ni kweli upo. Mwaka 2008 ukaguzi ulibainisha kuwa zaidi ya shilingi bilioni 133 zililipwa isivyo halali kutoka akaunti ya madeni ya nje, iliyojulikana kwa jina la EPA, ndani ya Benki Kuu yenyewe, katika mwaka wa fedha 2005/06. Lakini tujiulize tulijuaje. Tulijua kwa sababu palikuwa na vitabu vya kukaguliwa na mkono mwingine wa kuvikagua. Mpango hauzuii kila mwizi, kama vile Ibn al-Lutbiyya hakuzuiwa asipokee zawadi. Mpango unamzuia mwizi asijifiche. Pasipo daftari, mwizi na mwaminifu hufanana.

Ushuru si zaka

Hapa inafaa kuliondoa tatizo ambalo maimamu huulizwa kila msimu wa mavuno. Kwa kuwa jina ushuru limetokana na 'ushr, baadhi ya wakulima hudhani kuwa aliyelipa ushuru wa Halmashauri amekwisha kutoa zaka ya mazao. Kauli ya wanachuoni walio wengi ni kuwa haitoshi. Zaka ni ibada yenye nia, ina kiwango chake na ina wapokeaji wake wanane waliotajwa. Fungu la kumi ni kwa kilichonyweshwa na mvua au maji yatiririkayo yenyewe, na nusu ya fungu hilo ni kwa kilichonyweshwa kwa taabu na gharama. Ushuru wa Halmashauri ni wajibu wa kiraia unaokwenda katika barabara, zahanati na mishahara. Mkulima wa Mbarali au wa Kyela ana mambo mawili mbele yake, na moja haliondoi jingine.

Vilevile kuna haki ambazo waumini wengi hawazijui. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 kwa ajili ya kurekebisha utaratibu wake, na ikarejeshwa mwaka 2024. Imamu anayejua jambo hili anaweza kumwokoa mama mjane na mikopo ya riba ya mitaani, ile inayomfanya auze hata sufuria zake.

Na sisi je, misikitini kwetu?

Ndugu katika imani, sasa tumefika penye uzito. Hutuba zetu nyingi husimulia taa ya Umar bin Abdul-Aziz, aliyeizima taa ya Baytul Mal alipoanza kuzungumza mambo yake binafsi. Ni kisa kizuri na watu hulia wakikisikia. Lakini ni mara chache tunasimulia daftari la Umar bin al-Khattab. Tumeipenda taa tukalisahau daftari. Matokeo yake ni kuwa katika misikiti mingi ya mijini na vijijini kwetu, mtu mmoja ndiye anayepitisha kapu Ijumaa, ndiye anayeweka fedha nyumbani kwake, ndiye anayeamua zinunue nini, na ndiye anayeulizwa zimebaki kiasi gani, akajibu kwa kichwa. Mikono minne imekuwa mmoja.

Mara nyingi mtu huyo ni mwaminifu. Hilo silipingi, na wengi wao hutoa na vyao juu yake. Lakini nini kinatokea akifariki? Watoto hawajui ipi ni ya baba na ipi ni ya msikiti, na fedha ya wakfu inaingia katika mirathi. Nini kinatokea akizushiwa? Hana hata karatasi ya kujisafisha. Waumini wanagawanyika, wengine wanahamia msikiti wa pili, na sadaka zinapungua. Migogoro mingi ya misikiti tunayoiita ya itikadi, ukiichimba chini utakuta mwanzo wake ni fedha ambazo hazikuandikwa.

Baadhi ya ndugu husema kuwa kudai hesabu ni kumshuku Mwislamu, na dhana mbaya ni dhambi. Hoja hii haisimami. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa aya ya 6 amemwamrisha msimamizi wa yatima aweke mashahidi anapomrudishia mali yake. Katika Suratul Baqara aya ya 282 ameamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe, na hiyo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Je, hayo ni kuwashuku waumini? Kuandika ni rehema kwa mwaminifu kabla hakujakuwa kamba kwa mhaini. Na Nabii Yusuf (a.s.) alipoomba awekwe juu ya hazina za nchi, kama ilivyo katika Sura yake aya ya 55, alijitaja kwa sifa mbili: mhifadhi na mjuzi. Uaminifu bila ujuzi wa hesabu ni nusu ya sharti, na ujuzi bila uaminifu ni nusu nyingine.

Yanayotakiwa si makubwa. Kapu la Ijumaa lihesabiwe palepale na watu wasiopungua wawili, na waandike na kutia saini. Fedha ipelekwe benki, katika akaunti yenye jina la msikiti na watia saini zaidi ya mmoja. Anayetunza asiwe anayeidhinisha, kamati iidhinishe na iandike. Zaka iwe na daftari lake, wakfu lake, na ujenzi lake, kama mafakihi wa Kihanafi walivyoweka Baytul Mal nne zisizochanganywa. Anayefanya kazi ya msikiti apewe ujira unaojulikana. Na mara moja kwa mwaka waumini wachague watu wawili wasio wa kamati, wakague vitabu, na matokeo yasomwe baada ya sala watu wakiwa wamekaa. Katika kila mji wa Nyanda za Juu wapo Waislamu walio wahasibu na wakaguzi katika halmashauri, mashirika na shule. Wanasali nasi safu moja, na hatujawahi kuwauliza.

Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Suratun Nisaa aya ya 58 kuwa amana zirudishwe kwa wenyewe. Hawezi kuirudisha amana yule asiyejua ni kiasi gani, ni ya nani na ilikuja lini. Mja atakuja Siku ya Kiyama akiwa mas'ul, awe alikuwa Mkurugenzi wa Halmashauri au mshika kapu wa msikiti wa kijijini, na swali litakuwa moja: mali aliipata wapi na aliitumia katika nini. Aliyezoea kulijibu swali hilo duniani mbele ya watu wawili na daftari, tunataraji kwa Mola wake litamwepesikia huko.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaochunga amana na ahadi zao, awarehemu waliotutangulia katika kuitumikia misikiti hii, na aisafishe mali yetu na nyoyo zetu. Wallahu a'lam. Wa billahi tawfiq.